Kuwasomea Wenye Majembe

Oktoba 4, Jumamosi

Mumbua amenipigia simu kutoka Emali, huko anakowapikia wenye malori chai na chapati. Ameniambia, "Mama, kila nikipiga unanilalamikia mpaka kredo inaisha. Si uandike?" Basi naandika. Daftari halina kazi ya kukimbilia.

Nina nyonga mbovu tangu nilipoteleza kwenye shimo la maji kule mtoni. Kuinama na jembe siwezi. Na mwethya wetu, kikundi chetu cha akina mama cha kusaidiana kazi, kinachimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua ya mwisho wa mwaka kabla mvua yenyewe haijafika. Sheria ya mwethya ni kwamba hakuna kuja mikono mitupu. Nilijitolea kupika. Mwongeli, mwenyekiti wetu, akasema mbele ya watu wote kwamba isyo yangu, mahindi na maharagwe, huwa haiivi, inagonga meno. Mwanamke huyo ana ulimi. Alipoona nimenuna akasema, "Wewe Nduku ulikuwa mwalimu wa nasari. Mdomo unao. Leta kitabu utusomee tukichimba." Wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nimerudi nyumbani nikatafuta kitabu.

Ukitoa Biblia kipo kimoja tu, kile Mumbua alichosomea shule. Jalada lilishatoka na kurasa za mbele pia, hata jina lake silijui. Ni riwaya ya vita.

Mutunga wangu yuko upande wa mto Tana na ng'ombe tangu nyasi zilipoisha hapa Tseikuru. Yuko na Kivuva, kijana wa jirani. Alituma salamu kwa mtu wa pikipiki: ng'ombe mwekundu ana mimba kubwa. Kama yeye mwenyewe amekula au hajala, hakusema. Huyo ndiye mtoto wangu.

Oktoba 6

Nimesoma. Nilikaa juu ya jerikeni chini ya mgunga, wao wako shimoni. Nasoma Kiswahili, na pakiwa pagumu nageuza Kikamba.

Nchi ya hicho kitabu haitajwi. Kuna mama mmoja, Zamda, na mwanawe Sefu. Mabomu yanaanguka mjini na Zamda anagombana na jirani yake juu ya chumvi aliyomwazima. Mama Mbuvi, ambaye ni mzee kuliko sisi wote na bado anachimba, akasimamisha jembe. "Chumvi? Na mabomu yanaanguka?"

Mwongeli akamjibu bila kuinua kichwa. "Kwani juzi hukugombana na mimi juu ya kamba ya ndoo?"

Mama Mbuvi akarudi kuchimba. Nikaendelea kusoma.

Oktoba 8

Mawingu yamekuja. Yameenda.

Oktoba 14

Leo Zamda ameficha unga dada yake alipokuja na watoto. Amekaa juu ya mfuko wa unga kama kiti, amefunika na kanga, na watoto wa dadake wanalia mbele yake. Nilingoja niwasikie hawa wanawake wakimchambua. Hawa huwa wanamtakia kifo hata mwizi wa kuku. Wakachimba tu. Baadaye Mama Mbuvi akasema, "Mwenye njaa hana miiko," na tukaenda nyumbani.

Mwandishi huyu amewahi kulala njaa. Aliyeshiba angemfanya Zamda agawe unga, halafu Mungu amlipe.

Oktoba 15

Jua. Mbuzi wamekula nguo ya Mama Mbuvi kwenye ua.

Oktoba 17, Ijumaa

Nimemwona Kivuva akija kwa njia ya soko, peke yake, hana hata fimbo. Mchungaji hawezi kurudi nyumbani bila fimbo. Nikasimama, na nyonga yangu hii mbovu, nikamngojea langoni.

"Mutunga yuko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Mutunga yuko wapi, Kivuva?"

Akakaa chini kwenye vumbi, kijana mzima wa ndevu, akashika magoti. "Walikuja asubuhi tukinywesha. Watu wa bunduki. Sijui ni wa nani, mama, hawakusema ni wa nani. Walianza tu kupiga."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Mimi nilikimbia. Yeye alirudi nyuma kufukuza ng'ombe. Nilimwambia wacha ng'ombe, akasema yule mwekundu hawezi kukimbia. Nikasikia risasi zingine zinalia. Sikuangalia nyuma, mama. Ningeangalia nyuma sasa hivi usingeniona hapa."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, mkono ulishaondoka. Lakini miguu yake ilikuwa imepasuka yote, damu imekauka na mchanga ndani, na alikuwa hajala tangu sijui lini. Nikampa uji. Alikunywa akilia, na mimi nikasimama pale nikimwangalia akinywa, nikamchukia kwa kila mmezo. Yeye anakunywa uji wa Mutunga. Halafu mama yake akaja mbio akamkumbatia, na mimi nikaingia ndani nikafunga mlango.

Chifu amesema askari wameenda huko mtoni.

Oktoba 18

Asubuhi wamekuja wote wa mwethya mpaka kwangu, wamefunga leso kiunoni, na hakuna aliyebeba jembe.

Mtu ambaye si wa huku hawezi kujua maana yake, kwa hivyo naandika. Kwetu mtu akifa, jembe haligusi udongo mpaka azikwe na kuombolezwa. Sheria hiyo haikuandikwa na kanisa wala serikali, ni ya wazee wa zamani, na hata pasta wetu huifuata. Ukiona wanawake wa mwethya wamekuja mikono mitupu, umefiwa.

Nikasimama mlangoni. "Nani amekufa?"

Mwongeli akasogea. "Nduku, dada yangu."

"Mimi nauliza nani amekufa. Mnionyeshe maiti. Mmeona maiti? Kivuva ameona maiti? Huyo alikuwa anaangalia visigino vyake."

"Tumekuja kukaa na wewe tu."

"Sitaki kukaliwa. Rudini mchukue majembe. Mvua iko njiani na silanga haijafika hata magoti. Mkiyaweka chini leo, ni nyinyi mmemuua."

Nilisema hivyo. Waliangaliana, halafu Mama Mbuvi akageuka kwanza, na wengine wakamfuata. Baadaye kidogo nikasikia majembe. Nikachukua kitabu na fimbo yangu nikaenda kuwasomea.

Oktoba 20

Askari wamerudi. Wameona maganda ya risasi kando ya mto, na damu iliyokauka. Mtu hawakuona. Chifu aliniambia hayo akiangalia simu yake. Nilimwambia damu hata ng'ombe wanayo.

Oktoba 21

Wanachimba.

Oktoba 22

Wanachimba. Mawingu upande wa Kyuso.

Oktoba 24

Kuna duka moja hapa lenye sukari kila siku, la Maalim na mkewe Mumina. Watu wao ni wa kaskazini mashariki, wa ngamia na ng'ombe. Wamekaa hapa tangu Mutunga akiwa mtoto wa chekechea, nimewafundisha watoto wao a e i o u. Leo vijana wamesimama mbele ya duka wakasema asinunue mtu, eti wenye bunduki ni watu wao. Hawakuvunja kitu. Wamesimama tu, na hakuna aliyenunua.

Mchana Mumina akaja silanga. Alikuwa amebeba mtungi wa maji kichwani, amefunika uso nusu kwa sababu ya vumbi. Akaweka maji chini akasema, "Mama Mutunga, naomba nikuambie kitu."

Nikaendelea kusoma. Nilisoma kwa sauti kubwa zaidi, mpaka nikaruka mstari. Akangoja. Mwongeli akatoka shimoni, akauinua ule mtungi na kumrudishia mkononi, pole pole, kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake. Mumina akaondoka nao.

Maji yale tuliyahitaji. Midomo ya wote ilikuwa nyeupe. Lakini nilifurahi, na furaha ile ilishinda kiu.

Oktoba 30

Askari wamemchukua Sefu. Kwenye kitabu. Walimtoa sokoni wakamtupa kwenye lori, na Zamda akakimbia nyuma ya lori akiwa na kiatu kimoja cha Sefu kilichodondoka.

Nilipoona mambo yanaelekea huko, nilivuta pumzi. Mwongeli akajua. Akasema, "Hapo ruka, Nduku. Twende ukurasa wa mbele."

"Kwa nini niruke?"

"Ruka tu."

"Kwani mimi mtoto wangu amechukuliwa na lori?" Nikasoma yote, lori, kiatu, vumbi. Wengine walikuwa wanachimba na machozi yanaingia kwenye udongo. Mimi sikulia. Nilikuwa nasikiliza kama mwandishi anadanganya, nimkamate. Sikumkamata.

Novemba 3

Joto. Mbwa wamechimba mashimo ya kulalia.

Novemba 5

Shemeji yangu Mulwa, mdogo wa marehemu mume wangu na mzee wa kanisa, amekuja na pasta. Wamekunywa chai ya rangi maana maziwa yalienda na ng'ombe. Mulwa akakohoa kama gari linalokataa kuwaka.

"Mama Mutunga, tumeomba sana juu ya jambo hili. Tunaona tufanye ibada ya kumbukumbu. Ukoo upumzike."

"Ukoo umechoka na nini?"

"Si vizuri mtu kukaa hivi, si huku si kule."

"Nani amekaa hivi? Ni mimi nimekaa hivi, na sijakuomba kiti."

Pasta akasema kwa upole kwamba imani ni kukubali. Nikamwambia Biblia aliyonifundisha ina mchungaji anayeacha kondoo tisini na tisa atafute mmoja, haisemi alikaa nyumbani akafanya kumbukumbu. Pasta ni mtu mzuri, sikutaka kumwaibisha. Mulwa akasimama akaniambia kiburi changu kitanimaliza, na kwamba wanawake wa mwethya wanaogopa laana kwa sababu yangu, wanachimba juu ya mfu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeye Mulwa watoto wake wote wako Kitui mjini na wamelala kwenye vitanda.

Novemba 9, Jumapili

Mvua. Imetukuta kanisani, na mahubiri yaliishia hapo kwa sababu ya mabati. Watu walitoka wakasimama nje wakanyeshewa na suti zao. Mimi nilisimama na fimbo yangu nikalowa mpaka mgongoni. Nikafikiri: kama inanyesha huko, atakuwa anakunywa.

Jioni Kivuva amekuja kunipandia ndengu. Sikumwita. Amepanda shamba lote, mbegu yote niliyokuwa nayo, na mimi nikamwacha.

Novemba 10

Silanga ina maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Mama Mbuvi amecheza ndani kama msichana.

Novemba 16

Ndengu zimeota, mistari mistari ya kijani. Anga ni safi, na hilo silipendi.

Novemba 18

Jua.

Novemba 19

Jua.

Novemba 21

Zimekauka. Ukishika majani yanavunjika kama majani ya chai. Sisi tunajua kabisa mvua ya kwanza huwa ya uongo, tumeimbiwa tangu utotoni usipande yote, weka nusu ya mbegu. Kila mwaka inanyesha kidogo na sisi tunakimbia na vikapu vyote kama wendawazimu. Mwaka huu hata Mwongeli alipanda yote. Nimemuuliza kwa nini. Akasema, "Nilichoka kuwa na akili."

Novemba 24

Nimegombana na kitabu.

Zamda ametoroka mji, anatembea na wengine, na maji yamewaishia. Wanafika kwenye nyumba ya mwanamke wa upande ule mwingine, upande wa waliomchukua Sefu. Mwanamke huyo anawapa maji. Hasemi neno la maana. Anasema tu, "Msimalize yote, nina mgonjwa ndani." Basi.

Kina mama walikasirika sana. Mama Mbuvi akasema mwandishi amelipwa na maadui. Mwingine akasema mambo hayo yako kwa vitabu tu, hakuna mtu hivyo. Nikakubaliana nao. Nikasema, "Hapa sasa amedanganya, nimemkamata." Nikafunga kitabu kabla ya saa.

Lakini njiani lile neno la mgonjwa likanisumbua. Mwongo angemfanya yule mwanamke atoe maji yote, alie, aombe msamaha kwa niaba ya kabila lake. Huyu anachunga maji yake. Anawapa na anawahesabia. Mtu akitaka kunidanganya hawezi kufikiria kitu kidogo hivyo.

Nikakumbuka Mumina alisimama pale kwenye vumbi akisema naomba nikuambie kitu, na mimi sikutaka kujua ni kitu gani.

Novemba 25

Nimeenda dukani kwa Maalim. Mchana, watu wakiniona. Vijana walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara, mmoja akasema, "Mama, huko hatununui." Nikamwambia nilimfuta kamasi huyo huyo akiwa nasari, asinifundishe kutembea.

Mumina alikuwa peke yake nyuma ya kaunta. Rafu zimejaa, mkate umeota ukungu. Alisimama aliponiona.

"Karibu, Mama Mutunga."

"Sikuja kununua." Hiyo ndiyo salamu niliyompa. "Una watu huko mtoni. Nataka uwaulize kuhusu mtoto wangu."

Akanivutia kiti. Sikukaa. Akasema, "Niliuliza tangu siku Kivuva alirudi. Maalim alipiga simu kwa kila mtu tunamjua. Ile siku nilikuja kwa silanga, ilikuwa ni hiyo nilitaka kukuambia. Kwamba tunauliza."

Nikakaa.

"Na wamesema nini?"

"Hawajasema. Wengi wamehama, network hakuna. Hao wenye bunduki walichukua ng'ombe za watu wetu pia asubuhi hiyo. Ndugu yangu Ridwan na baba yetu walikuwa upande huo. Hatujawapata kwa simu mpaka sasa. Hata mimi sijui kama wako."

Mwezi mzima tumekaa hatua chache tu, kila mtu na wake aliyepotea, na mimi nilimrudishia maji yake. Nilitaka kusema pole na ikagoma kutoka. Nikanunua sukari. Sikuwa naihitaji, lakini nilitoka nayo mkononi mahali pa kuonekana.

Novemba 27

Mwongeli amesikia. Jioni nimemwona akitoka dukani na sabuni.

Desemba 1

Mumina amepita. Bado.

Desemba 2

Mvua imenyesha Kyuso. Tumeisikia harufu tu.

Desemba 4, Alhamisi

Ridwan yuko hai. Nilimwona akija na Mumina kupitia shambani, kijana mrefu, mwembamba wa kutisha, na Mumina alikuwa analia. Mtu aliyepata ndugu yake hai halii vile. Nikajua kabla hawajafika langoni.

Nikawawekea mkeka. Nikauliza kama watakunywa chai. Ridwan akasema ndiyo, na nikashukuru, kwa sababu nilipata kitu cha kufanya na mikono. Niliwasha moto, nikachemsha maji, na sikuuliza chochote mpaka vikombe vikawa mbele yao. Nilitaka mtoto wangu aishi hicho kipindi cha chai.

Halafu nikasema, "Haya."

Ridwan hakuniangalia usoni, aliangalia kikombe. "Mama, sisi tulijificha kwa vichaka. Wakienda ndio tukatoka. Tukamkuta. Alikuwa amekaa, ameegemea mti. Alipigwa hapa." Akagusa ubavu wake.

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai mpaka jioni. Hatungeweza kumbeba, mama. Tulikuwa tunaogopa watarudi. Baba alimpa maji. Alisema anaitwa Mutunga, ni wa Nduku wa Tseikuru."

"Alisema nini tena?"

Akamwangalia Mumina. Mumina akamwambia kitu kwa lugha yao. Ridwan akasema, "Alisema ule ng'ombe mwekundu tusimkamue. Atazaa karibuni."

"Nini kingine?"

"Hiyo tu. Aliisema mara nyingi. Tukamwambia hatutamkamua."

Nilingoja. Nilifikiri labda amesahau, kuna neno langu amelibeba na atalikumbuka. Hakuna neno. Mtoto niliyembeba mgongoni amekufa siku nzima chini ya mti, na ameongea juu ya ng'ombe. Nilikasirika naye kama zamani akichelewa kurudi. Na wakati huo huo nilijua habari hii ni ya kweli, kwa sababu huyo ndiye Mutunga. Kama wangeniambia alisema nampenda mama yangu, mwambieni asilie, ningewafukuza.

"Mlimweka wapi?"

"Tulimzika hapo juu, mahali mto hauwezi kufika. Baba alitoa shuka yake. Tulichimba na panga na mikono, fisi wasimtoe. Baba alimwombea. Tulimwombea kwa njia yetu, mama. Ile nyingine hatuijui. Utusamehe."

Nikamuuliza ng'ombe yuko wapi. Akasema wenye bunduki walimwacha kwa sababu ya mimba, akazaa, na maziwa hayakutoka, akafa, na ndama pia. Baba yake naye alikufa njiani wakihama. Alisema hilo la mwisho haraka sana, kana kwamba ni jambo la mtu mwingine.

Sikulia mbele yao. Nilimmiminia chai nyingine, akanywa, na safari hii sikumchukia mtu anayekunywa. Walipoenda nililala kifudifudi sakafuni, na yaliyofuata siyaandiki.

Desemba 5

Nilitaka kumwambia Mwongeli kwanza ili yeye awaambie wengine. Nikafika silanga, wakanisalimia, wakashika majembe, na mimi nikakaa kwenye jerikeni langu kama kila siku. Sikujua jinsi ya kuanza. Kwa miaka yangu yote mdomo haujawahi kunikosea adabu hivyo. Kwa hivyo nikafungua kitabu pale tulipoachia nikasoma kisichoandikwa.

Nikasoma, "Basi siku moja Zamda akaletewa habari na kijana wa upande ule. Akaambiwa Sefu hakufa peke yake. Alikaa chini ya mti, mzee mmoja akampa maji." Nilisoma kwa sauti ile ile ya kusomea, nikageuza ukurasa ili waamini. Walikuwa wanachimba. "Zamda akauliza, alisema nini? Wakamwambia, alisema ng'ombe mwekundu asikamuliwe."

Jembe la Mwongeli likasimama hewani. Zamda hana ng'ombe. Tangu mwanzo wa kitabu hana hata kuku.

Nikaendelea. "Wakamchimbia kwa panga na mikono. Mzee akavua shuka yake wakamfunga nayo. Na jina lake hawakulisahau, Mutunga wa Nduku." Hapo nikafunga kitabu.

Mwongeli akalaza jembe lake chini, pole pole, mpini ukiangalia nyumbani. Mama Mbuvi akalaza lake. Wote wakalaza, mmoja baada ya mwingine, wakatoka shimoni wakaja kukaa na mimi kwenye vumbi. Safari hii sikuwafukuza.

Desemba 6

Mulwa amekuja akisema kijana amezikwa Kiislamu, lazima twende tumfukue tumlete nyumbani, tumzike kama watu. Nikamwambia waliokuwepo ndio waliomzika. Watu walikuwa wanakimbia kifo na wakasimama kuchimba. Wewe ulitaka kumzika bila hata kumtafuta. Akaanza kunijibu, halafu akakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni akalia, Mulwa, mtu wa kukohoa. Alimfundisha Mutunga kuendesha baiskeli. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye amefiwa.

Desemba 10

Ibada. Pasta alihubiri kwa ufupi, Mungu ambariki. Mumbua alikuja kutoka Emali, amenilalia mapajani kama alivyokuwa mdogo. Maalim na Mumina na Ridwan walikaa nyuma kabisa. Kivuva akasimama, akaenda kukaa nao.

Desemba 13

Anga safi. Mvua za mwaka huu zimekwisha. Hakuna aliyevuna, hata majani ya kunde.

Desemba 15, Jumatatu

Mwethya umerudi kazini. Nilimuuliza Mwongeli tunachimbia mvua gani sasa. Akasema ya mwezi wa nne. Nikasema nayo isipokuja? Akasema, "Basi tutakuwa na shimo." Mumina alikuja na jembe jipya kutoka dukani, lebo bado iko kwa mpini. Hajui kuchimba, anapiga udongo kama anaua nyoka. Mama Mbuvi alimwonyesha jinsi ya kusimama, akimtukana kidogo kwa Kikamba, na Mumina ambaye anajua Kikamba kuliko sisi wote akamjibu.

Nikasoma kurasa za mwisho, zile za kweli. Sefu harudi. Hatuambiwi hata alikufa wapi. Vita haviishi. Zamda anarudi kwenye nyumba iliyoungua, anakuta jirani yake amesogeza ua akamkatia kipande cha kiwanja, na wanaanza kugombana hapo hapo, kwa sauti kubwa, wanawake wawili kwenye majivu. Kitabu kinaishia katikati ya ugomvi.

Nilidhani watalalamika. Mwongeli alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo ni mtu," akasema. "Huyo yuko hai kabisa." Mimi sikucheka, ila nilimwelewa mwandishi. Hakumrudishia Zamda mtoto, maana hakuwa naye wa kumrudishia. Alimwachia mtu wa kugombana naye. Si kitu kikubwa, na mimi sijapona kwa sababu yake. Usiku bado ni mrefu na nyumba bado ina upande mmoja mtupu. Lakini kama angemrudisha Sefu kwa lori la mwisho, leo ningekitia kitabu hicho motoni.

Nilipokifunga Mumina akasema, "Mimi sikusikia mwanzo."

Wengine wakaitikia, ndiyo, Mumina hakusikia mwanzo, tuanze tena. Walisema bila kufikiri, na nikaona Mwongeli ameshafikiri na anataka kuwanyamazisha. Nikamwambia aache. Nilishakubali.

Sasa hivi nimefungua ukurasa ule wa kwanza uliobaki, niupitie kabla ya kesho. Sefu yumo. Anaingia mlangoni akikimbia, miguu imejaa tope, na Zamda anamfokea asikanyage alipofagia. Mimi ndiye nitakayemfokea kesho, kwa sauti yangu, na yeye atacheka na kukanyaga.

Nimejaribu kuusoma kwa sauti. Nimefika hapo anapocheka. Nitajaribu tena asubuhi.